Kila Akiulizwa, Mama Alibonyeza Ruhusu

Mke wa mchungaji wa kule nyumbani Ikutha si mtu wa kunipigia simu ovyo. Nilipoona anapiga katikati ya wiki, saa za masomo, nilitoka darasani bila kuwaambia watoto neno, nikasimama kwenye baraza nimeshika nguzo. Nilidhani habari ya dada yangu imefika, ile habari ambayo tulikuwa tukiiomba na kuiogopa kwa pamoja. Kumbe alikuwa ananipigia kunishtakia kompyuta.

Alinieleza kwa sauti ya chini. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekutana sebuleni kwa mama kwa maombi ya Alhamisi. Walikuwa wamefumba macho, wameshikana mikono, wanamwombea dada yangu aliyepotea Uarabuni, ndipo mashine iliyokuwa pembeni chini ya kitambaa ikalia kengele. Wakaongeza sauti ya maombi. Ikalia tena. Mmoja wao akafungua macho, akainua kitambaa, na pale kwenye kioo kulikuwa na msichana mwenye nguo za ndani akiwakonyeza.

"Sasa wengine wanasema hiyo ni roho," mke wa mchungaji aliniambia. "Mimi sijasema hivyo, mwalimu. Lakini kuja uone hiyo kitu. Tulitaka tuizime, mama yako akasimama mbele yake akakataa. Alituambia hiyo kengele ndiyo inamwambia mtoto yuko."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikakasirika. Mimi hukasirika kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Huzuni kwangu hufika imechelewa, ikakuta hasira imeshakaa kitini. Niliwakasirikia wale akina mama kwa kumtazama mama yangu kama mtu aliyechanganyikiwa. Nilimkasirikia mama pia. Mimi ndiye ninayefundisha somo la kompyuta katika shule yetu karibu na Malili. Watoto wa watu wanajua kuondoa matangazo kwenye mashine kwa sababu yangu, na mama yangu mzazi amekaa na takataka hizo sebuleni bila kuniambia. Shule zilipofungwa nilifunga begi nikaenda.

Lazima nieleze kwa nini hakuniambia. Kwetu Ukambani mtoto hapewi jina tu, anapewa na mtu mwenye jina. Mimi ni kifungua mimba, kwa hiyo nilipewa jina la mama yake baba. Mama na mkwe wake huyo hawakuwahi kuelewana, hata juu ya chumvi ya kutia kwenye chungu, na tangu nikiwa mchanga mama aliongea nami kwa adabu na tahadhari, kama anavyokaribishwa mgeni mkali. Baba alipokuwa hai alipenda kututania kwamba nyumba ina wakubwa wawili na mmoja ananyonya. Dada yangu alipozaliwa akapewa jina la mama mzaa mama. Tangu siku hiyo mama hakumwita kwa jina hata mara moja. Alimwita Mwaitu, ambalo kwa Kikamba ni mama yangu, nasi sote tukamwita hivyo hivyo.

Naye alikijua cheo chake mapema. Alimwita mama mwanangu. Nakumbuka akiwa mdogo, rinda limeteleza begani, amesimama kwenye mlango wa jikoni na mikono kiunoni, anamuuliza mtu mzima aliyeinama kwenye moto: "Mwanangu, umekula?" Hivyo ndivyo nyanya, yule aliyemrithi jina, alivyokuwa akisalimia watu wake. Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka. Aliinua kichwa akajibu kwa heshima zote, "Nimekula, Mwaitu." Basi ikawa ndiyo salamu yao, na mimi sikuwa na yangu.

Dada yangu alipomaliza shule alipata kazi kwenye saiba moja ya Kwa Vonza, duka la kompyuta na intaneti, akiwachapia wanafunzi wa chuo karatasi zao. Saiba ilipofungwa, mwenyewe alimwachia mashine moja ya zamani, yenye kioo kikubwa na kibodi ambayo herufi zake nyingi zimefutika. Akaileta nyumbani Ikutha, akaiweka kwenye meza ya pembeni, na mama akaifumia kitambaa cheupe chenye maua kama alivyovifumia viti, redio na kila kitu kilichotulia mle ndani. Baadaye dada yangu akapata wakala wa kumpeleka Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Kabla ya kuondoka alikaa na mama mbele ya ile mashine mchana baada ya mchana.

Macho ya mama hayawezi simu. Uso wa mtu kwenye simu, kwake, ni kitu cheupe kinachotikisika. Lakini kwenye kioo kile kikubwa angemwona mtoto wake sawasawa. Mtandao tulipata kwa jirani mwenye duka, Mwislamu wa kutoka upande wa Garissa anayenunua mbuzi hapa kwetu, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja. Alimpa dada yangu neno la siri akasema mama asisumbuke kuomba tena.

Somo lenyewe lilikuwa fupi. Washa hapa. Ngoja itulie. Bonyeza hii picha ya kamera. Halafu mashine itakuuliza kama inaweza kutumia kamera na maikrofoni, itakupa maneno mawili, Ruhusu na Zuia. Dada yangu alikuwa ameigeuza yote iwe ya Kiswahili ili mama asipate shida.

"Ukibonyeza Zuia hutaniona, na mimi sitakuona," alimwambia. "Kwa hivyo chochote kikikuuliza, mwanangu, wewe bonyeza Ruhusu."

Mama alirudia neno hilo mara kadhaa, akiligusa kwa kidole pale kwenye kioo. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi nikisahihisha madaftari, na nilifikiri dada yangu angekuwa mwalimu mzuri kuliko mimi.

Basi kila Jumapili mama alitoka kanisani moja kwa moja mpaka mbele ya mashine, hata kilemba hajavua. Ikilia, anabonyeza. Uso wa dada yangu unajaa kioo, umenenepa kidogo au umekonda kidogo, na kabla ya habari nyingine yoyote anauliza kama mwanawe amekula. Mama anajibu. Halafu ndipo wanaongea mambo ya mvua, ya mbuzi aliyezaa, ya mtu aliyezikwa.

Mara ya mwisho alipiga akiwa amesimama mahali penye giza, nyuma yake kuna magunia ya mchele. Alisema anahamishwa nyumba, anapelekwa kwa ndugu ya tajiri wake, mji mwingine. Atapiga akifika. Jumapili iliyofuata mama alikaa mbele ya kioo mpaka chai ikafanya utando. Na iliyofuata hivyo hivyo. Tulienda kwa wakala Nairobi, tukaambiwa mtu akihamishwa nyumba mambo yake yanakuwa na hao wapya. Tulienda kwenye ofisi za serikali tukaandikisha jina lake, tukaambiwa tusubiri. Nilisubiri mpaka nikachoka, na nilipochoka nikaanza kufikiri mambo ambayo siwezi kuyaandika. Mama hakuchoka. Alikuwa anawasha mashine kila siku, anabonyeza hapa na pale, anamtafuta.

Nilifika nyumbani mchana wa jua kali. Ikutha ilikuwa kavu vile inavyokuwa kabla ya mvua za vuli, mbuzi wamemaliza majani wamehamia kwenye katoni za dukani. Mama alinipokea begi, akanipa maji ya kunawa na sahani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa yenye maharagwe mengi, akaniuliza habari za shule kama anayemjibu mkaguzi. Alikuwa amekonda. Shingo yake ilikuwa imetokeza mishipa ambayo sikuwahi kuiona, na nilipoiona hasira niliyokuja nayo ilipungua kidogo, si sana.

Sikuwa nimemaliza kula mashine ilipolia chini ya kitambaa. Ting. Mama aliacha alichokuwa akisema katikati ya neno. Aliinuka, akainua kitambaa kwa vidole viwili, akakikunja, akakiweka kando, akasogeza uso wake mpaka karibu na kioo. Alisoma, midomo yake ikicheza. Halafu akabonyeza, akangoja, akarudi kukaa.

"Ni nani?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Haijafunguka," akasema.

Niliacha sahani nikaenda kuona. Arifa zilikuwa zikiingia upande wa chini wa kioo, moja juu ya nyingine, huna nafasi ya kusoma ya kwanza kabla ya ya pili. Kompyuta yako ina virusi, bonyeza hapa haraka. Hongera, umechaguliwa. Mzizi unaomaliza kisukari ambao madaktari hawataki uujue. Nyingi zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza cha mama ni cha shule ya msingi ya zamani, kile cha kuokota neno moja na kuruka mengine. Nilitazama macho yake yalikuwa yanatua wapi. Una ujumbe mpya. Simu uliyokosa. Kuna mtu anakusubiri.

Niliketi nikaanza kazi. Si kazi ngumu. Unafungua vidoti vitatu vya juu, unaingia kwenye mipangilio, unatafuta sehemu ya faragha, unatafuta arifa, na hapo unakuta tovuti zote ulizozipa ruhusa ya kukugongea hata kama hujazifungua. Kwa mtu wa kawaida huwa ni chache, ya habari moja na ya mpira moja. Kwa mama niliteremka na kuteremka nisifike mwisho. Zilikuwa na majina ya ajabu ajabu, herufi zilizotupwa tu, tovuti ambazo hata aliyezitengeneza hawezi kuzitamka.

"Mama, ni nani alizibonyeza hizi zote?"

"Ni mimi."

"Zote?"

"Si zilikuwa zinauliza?" Alivuta kiti akakaa karibu yangu. "Mwaitu alisema kitu ikiniuliza, niruhusu. Nikaruhusu."

Niligeukia mashine, nikaanza kuziondoa moja moja. Ningeweza kuzifuta zote kwa mara moja, lakini nilitaka mama aone, maana mwalimu ni mwalimu hata kwao. Nilimsomea kila moja nilipoifikia. Hii ni ya kamari, mama. Hii inakutisha tu, mashine haina virusi. Hii ya dawa ni ya uongo. Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, na ile ya kisukari alisema hata yeye ilimshangaza, mbona mzizi wenyewe haukutajwa. Tulikwenda vizuri mpaka nikafika kwenye moja iliyokuwa ikileta zile za simu uliyokosa.

"Hiyo wacha," akasema.

"Mama, hii si simu. Ni tangazo kama hayo mengine."

"Imeandika simu. Nimeisoma mimi mwenyewe."

"Wameandika ndiyo ubonyeze. Wako watu mahali wanamtumia kila mtu. Hawakujui."

"Hawanijui na wananiita?"

"Wanaita dunia yote."

Mama si mjinga, huwa anapanga maneno kabla ya kuyatoa. "Wakati Mwaitu alikuwa anapiga, hii kengele ilikuwa inalia? Haikuwa. Amenyamaza, ikaanza. Sasa wewe mwalimu niambie, ni nani huyo alianza kugonga wakati huo huo mtoto ameacha kuonekana?"

Nilimweleza. Nilimwambia kengele zilianza kwa sababu dada yangu alipoacha kupiga, yeye alianza kubonyeza kila kitu akimtafuta, na kila alichobonyeza kiliomba ruhusa akakipa. Ndiyo maana vilifuatana. Nilisema kwa sauti ya darasani, sauti ya mtu anayejua jibu, na nilipomaliza nilisikia vile ilivyokuwa imebaki hewani. Mama alikuwa ameshika pindo la leso yake analikunja.

"Ukizuia," akaniuliza, "atapitia wapi?"

"Simu yake haipitii hapa. Inapitia kwenye ile picha ya kamera. Hiyo sitaigusa."

"Na kama huko wamemfungia hiyo njia? Kama amebaki na hizi ndogo ndogo tu?"

Nilitaka kumwambia hakuna njia ndogo ndogo. Nilitaka kumwambia aache. Lakini alikuwa ameshachukua kipanya kutoka mkononi mwangu, kwa adabu, akisema samahani kidogo, na akafungua ukurasa mmoja uliokuwa umejificha nyuma ya ile mingine. Aliufungua kwa wepesi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi.

"Huku ndiyo nilifika naye karibu," akasema. "Shida ni hiyo kadi."

Ulikuwa ukurasa wa mazungumzo. Juu kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu na midomo iliyopakwa, na chini sehemu ya kuandika. Ni zile tovuti za kuwatega wanaume wapweke. Hakuna mtu upande wa pili, ni mashine inayojibu maneno yale yale kwa kila anayekuja. Katikati kilikuwa kimefunguka kisanduku kinachotaka namba ya kadi ya benki kabla ya kukuonyesha zaidi.

"Hiyo picha si yake, najua," mama alisema haraka, kabla sijafungua mdomo. "Labda ni ya huyo tajiri wake. Lakini mimi nilimuuliza kama ni yeye, akasema ni yeye. Sasa wanataka namba ya kadi ndiyo wanifungulie. Mimi kadi niko nayo moja tu. Nimeweka namba ya ID, inakataa. Nikaweka ile ya baba yenu, pia inakataa."

Aliniangalia kama mtu anayesubiri msaada wa fundi. Alitaka nimwambie ni namba gani ya kuweka.

Sijawahi kusikia uchungu wa namna ile. Nilimwona amekaa hapo peke yake mchana, kitambaa kimekunjwa kando, miwani puani, akisoma namba ya kitambulisho cha mume wake aliyekufa, akiiandika kwa kidole kimoja kwenye kibodi isiyo na herufi, ili watu wasiojulikana wamwonyeshe mtoto wake. Nilishukuru Mungu hana kadi ya benki. Halafu nikatukana kimoyomoyo, na sikujua nilikuwa namtukana nani.

Nilirudisha ukurasa juu nione walichoongea. Alikuwa ameanza kwa Kikamba, akauliza kama ni Mwaitu. Ile mashine ilikuwa imejibu kwa Kiingereza: ndiyo mpenzi, ni mimi, nilikuwa nakungoja. Siku nyingine mama akaandika tena.

"Tangu lini Mwaitu akakujibu Kiingereza?" nilimuuliza.

"Labda anasimamiwa. Labda hawataki aongee lugha yetu."

Alikuwa na jibu la kila kitu. Niliendelea kusoma, na sasa nilisoma kimya, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo ambalo sikutaka kulitamka. Kila mara mama alipofungua mazungumzo, alianza na neno lile lile. Nimekula, Mwaitu. Wewe umekula? Mashine inasema: niko peke yangu chumbani, nione. Siku nyingine: Nimekula, Mwaitu. Leo mvua imetisha lakini haikunyesha. Mashine: wewe ni mrembo sana. Siku nyingine: Nimekula. Mbuzi yule wako amezaa pacha. Mashine: bonyeza hapa, usinicheleweshe. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo, juu mpaka chini.

Mama alikuwa ameinama karibu yangu anasoma pia. Nilisikia pumzi yake. Alisoma polepole, midomo ikicheza, na alipofika mahali fulani midomo ikaacha. Alirudi juu akaanza upya. Sikumsaidia. Sikujua kama kumsaidia ni kusema au ni kunyamaza, na kwa mara moja maishani nilinyamaza.

"Hajaniuliza," akasema.

Alipitisha kidole kwenye kioo, juu mpaka chini.

"Hata siku moja. Angalia. Hajaniuliza kama nimekula. Ni mimi najijibu."

Alivua miwani akaifuta kwa leso, ingawa haikuwa chafu, akaivaa tena. Alitazama ile picha ya mwanamke wa midomo kwa muda, bila chuki, kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba.

"Mwaitu hawezi kuongea na mimi bila kuniuliza hiyo," alisema. "Hata wakimwekea kisu."

Kisha akaniambia nimwonyeshe Zuia iko wapi. Nilimwonyesha. Aliweka mkono kwenye kipanya, akabonyeza mwenyewe. Akaniomba nimwonyeshe na ile ya simu uliyokosa, akaibonyeza hiyo pia. Zilizobaki akaniachia mimi. Aliondoka akaenda jikoni, na nilisikia sufuria zikisogezwa bila sababu, zikirudishwa, zikisogezwa tena. Niliziondoa zote. Mwisho nikaiambia mashine isikubali tovuti yoyote iulize tena habari ya arifa, nikaizima, nikaiwasha, nikangoja. Haikulia. Ilikuwa kimya mpaka ukasikia kuku nje wakiparura.

Nilikuwa nimekuja kwa kazi hiyo na nilikuwa nimeifanya vizuri. Nilikaa pale nikajisikia kama mtu aliyefukia kisima.

Siku zilizofuata mama hakuigusa mashine. Alikuwa akipita karibu yake akifagia, ananyoosha kitambaa ambacho hakijapinda, anaendelea. Mara moja jirani wa dukani alipitisha kichwa juu ya ukuta kuuliza kama mtandao umekatika, maana hakuona mtu akiutumia. "Uko sawa," mama alimjibu. "Ni mimi sina cha kufungua." Alhamisi akina mama wa kanisa walikuja. Waliketi, wakaimba, wakafumba macho. Walipofika kwenye ombi la dada yangu niliona sauti zao zikipungua, kila mtu anasikiliza pembeni. Kengele haikulia. Walipomaliza, mke wa mchungaji alimshukuru Mungu kwa kuisafisha nyumba, na mmoja wa akina mama wale akamuuliza mama, kwa upole kabisa, kama mtoto bado anabisha hodi.

"Hapana," mama alisema. "Hakuwahi kubisha. Hayo yalikuwa matangazo."

Hakuna aliyejua pa kuangalia. Mama akainuka akamimina chai.

Jumapili nilienda naye kanisani. Tuliporudi nilifikiri atabadilisha nguo aingie jikoni, lakini alivuta kiti akaketi mbele ya mashine, kilemba kichwani, viatu vya kanisani miguuni. Alikikunja kitambaa akakiweka kando. Akaiwasha, akangoja itulie, akabonyeza ile picha ya kamera kama alivyofundishwa. Mashine ikauliza kama inaweza kutumia kamera na maikrofoni. Maneno mawili yakatokea. Mama alisimamisha mkono.

"Na hii?" akaniuliza. "Hii niruhusu?"

"Hii ruhusu, mama."

"Una uhakika ni hii?"

"Ndiyo hii."

Akabonyeza. Kioo kikawaka, na ndani yake tukaonekana sisi. Kabla ya mtu kupiga, mashine hukuonyesha uso wako mwenyewe, ili ujipange. Alikuwepo mama katikati, mdogo kuliko nilivyomzoea, na nyuma yake bega langu na nusu ya uso wangu, na ukutani kalenda ya kanisa. Mama alinyoosha kilemba. Alijipangusa pembe za mdomo. Alikuwa anajiweka sawa kwa ajili ya mtu, na kwenye kioo hakukuwa na mtu ila sisi wawili tunajitazama.

Tulikaa hivyo. Jua lilihama kutoka kizingitini likaja mpaka mguu wa meza. Nilijua hajaonja kitu tangu asubuhi, na swali lilikuwa limenijaa mdomoni, maneno mawili tu, lakini lilikuwa na mwenyewe. Nikalimeza.

"Wewe," mama akasema, macho hayajaondoka kwenye kioo. "Sogea hapa karibu. Akifungua asione niko peke yangu."

Nikavuta kiti.